Wanaonunua Ushauri na Wanaoukopa

Kenya inaijua Benki ya Dunia kama mkopeshaji. Saudi Arabia inaijua zaidi kama mshauri wa kulipwa. Tangu 1975 pande hizo mbili zina programu ya ushirikiano wa kiufundi. Wizara za Riyadh hutaja shida, benki hutoa wachumi, wahandisi na wataalamu wa maji, kisha Wasaudi hulipa gharama. Mkopo haumo. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla kuanzia 1973, na nchi ikajikuta na fedha nyingi kuliko watu wa kuzipangia kazi.

Anayelipa ushauri anaweza kuuweka kabatini. Anayekopa hana uhuru huo, kwa sababu ushauri huja na masharti, na deni hubaki hata mradi ukianguka.

Bura, skimu ya umwagiliaji ya Kenya kando ya Mto Tana, ndiyo mfano unaouma. Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wake 1977. Pampu za dizeli zilikusudiwa kuwa za muda, hadi maji yatakapoweza kuteremka yenyewe mferejini; zikageuka za kudumu, mafuta yakawa ghali, na sehemu kubwa ya mashamba yaliyopangwa haikulimwa kamwe. Miongo kadhaa baadaye, fedha za kuachana na pampu zilitoka kwa wakopeshaji wengine, ukiwemo Mfuko wa Kuwait na benki ya Waarabu ya BADEA.

Ahero, magharibi mwa Kenya, inaifahamu shida hiyo ya pampu. Skimu yake ya mpunga, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960, huvuta maji ya Mto Nyando kwa pampu za umeme, tofauti na skimu ya Mwea ambako maji hushuka yenyewe. Bili isipolipwa umeme hukatwa, na majaruba hukauka ilhali mto uko karibu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 skimu ilisimama kwa miaka kadhaa.

Fedha nazo hazileti busara zenyewe. Saudi Arabia, pamoja na washauri wake wote, ilivuta maji ya kale ya chini ya ardhi kulimia ngano jangwani, hata ikauza nje. Mwaka 2008 serikali iliamua kupunguza hatua kwa hatua ununuzi wa ngano ya wakulima wake, maana maji hayo hayarudi. Nyando, angalau, hujaa tena kila masika, wakati mwingine kupita kiasi.