Zamu Yako: Kuchagua Michezo ya Kucheza na Wadogo Zetu

Mitihani ya Mei ikiisha, wengi wetu katika klabu tunarudi nyumbani, wengine Arlington na Fort Worth, wengine Houston kwa njia ya I-45. Tukifika tu tunapewa kazi ileile: kukaa na watoto. Shule zimefungwa, wazazi wako kazini, na nje joto linapita nyuzi 100 za Fahrenheit, kwa hiyo mpira wa mchana hauwezekani. Kuna wadogo zetu, kuna binamu walioletwa "kwa siku mbili tu", na mara nyingi kuna bibi au babu aliyekuja kutembea kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu, ambaye haendeshi gari na hana wa kuzungumza naye mchana kutwa. Watoto wako kwenye tableti, bibi yuko kwenye kiti. Wanapendana sana, lakini hawaongei.

Hilo ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Wadogo zetu wengi wanaelewa Kiswahili. Ukiwaambia "niletee maji" wanaleta. Ila wakijibu, wanajibu kwa Kiingereza, na sisi tunaojua hali hiyo kwa ndani tunajua inaishia wapi: unafika chuo kikuu ukiwa na miaka ishirini, unaanza kusomea kwa daftari na mitihani maneno ambayo mama yako anayasema jikoni kila siku. Basi tumekusanya michezo ya mezani tuliyoicheza na watoto wa miaka sita hadi kumi na moja, na tumeipima kwa swali ambalo halijaandikwa kwenye boksi lolote: je, mchezo huu unamfanya mtoto afungue kinywa?

Kwa kipimo hicho sataranji, ambayo ni mchezo mzuri kabisa, inaanguka mapema. Watu wawili wanaweza kuicheza saa nzima bila kutamka neno. Drafti ina afadhali kidogo kwa sababu ina kelele zake, hasa ikichezwa na vizibo vya soda kama inavyochezwa vijiweni kule nyumbani. Monopoly tumeiacha. Maneno yamo tele, lakini inachukua muda mrefu mno, na mtoto wa miaka saba akifilisika saa nzima kabla ya wenzake, majirani wote watapata habari.

Mchezo uliotupa mazungumzo mengi kuliko yote ni Guess Who?, ambao nyumbani tunauita Nani Huyu. Wachezaji ni wawili. Kila mmoja ana ubao wenye sura 24, na kila mmoja anachagua kadi ya mtu mmoja kwa siri. Mnaulizana maswali ya ndiyo na hapana, mnaziangusha sura zisizofaa, mpaka mmoja amtambue mtu wa mwenzake. "Ana miwani?" "Hana." "Amevaa kofia?" "Ana nywele ndefu?" Kwa dakika kumi mtoto ametumia *ana* na *hana* mara ishirini bila mtu yeyote kumwambia kwamba hili ni somo. Mwalimu wa sarufi angehitaji wiki.

Kasoro yake ni kwamba sura za kwenye boksi ni za watu tusiowajua. Mmoja wetu, anayekaa Grand Prairie, alitafuta dawa yake. Alichapisha picha ndogo za watu 24 wa ukoo wake, seti tatu, mbili za mbao na moja ya kadi za kuchagua, akazibandika juu ya zile za zamani. Maswali yakabadilika papo hapo. "Anaishi Nairobi?" "Ni ndugu yake mama?" "Ni shangazi?" Hapo ndipo watoto walipogundua kwamba wale wote wanaowaita kwa neno moja la Kiingereza si kitu kimoja. Bibi, aliyekuwa ametulia kwenye kochi, akageuka mwamuzi. "Huyo si mjomba, mjukuu wangu. Mjomba ni kaka yake mama. Huyo ni baba yako mdogo, maana amemfuata baba yako kuzaliwa." Mchezo ukasimama karibu nusu saa huku wakipanga nani ni nani. Katika zile picha alikuwamo babu, ambaye watoto hawakuwahi kumwona. Baada ya maelezo ya bibi, mdogo wa miaka minane aliongeza swali lake mwenyewe kwenye mchezo: "Bado yuko hai?" Wanaliuliza mpaka leo, kwa sababu linaangusha sura nyingi kwa mkupuo mmoja.

Mtoto ambaye bado hajawa tayari kuunda maswali mtafutie mchezo wa kumbukumbu, ule wa kufunua kadi mbili mbili na kutafuta jozi. Huu usiununue, utengeneze. Kata kadi 30 za karatasi ngumu, na badala ya kuchora vitu viwili vinavyofanana, chora umoja na wingi: mti mmoja na miti mitatu, kiatu na viatu, jicho na macho, ufunguo na funguo. Anayepata jozi anaichukua akishazitaja kadi zote mbili. Jambo zuri la mchezo huu ni kwamba watoto wanatushinda kweli. Sisi tunakumbuka kadi nne, wao wanakumbuka tisa. Tunalitaja hili kwa sababu tumeona kaka na dada wengi wakijifanya wameshindwa, na watoto si wajinga, wanajua. Ni heri kuchagua mchezo ambao mtoto anaweza kushinda kwa haki kuliko kumpa ushindi wa huruma.

Na jambo jingine ambalo hatulipendi ni ile kanuni ya baadhi ya nyumba kwamba anayesema Kiingereza anapoteza zamu. Inakifanya Kiswahili kiwe polisi. Wewe cheza kwa Kiswahili, sema "zamu yako", "tupa dadu", "umeniwahi", "hapo umeiba", na mtoto atayadaka kwa sababu anayahitaji ili abishane nawe.

Nyoka na ngazi unaufahamu. Hapa Marekani kampuni ya Milton Bradley iliutoa mwaka 1943 kwa jina la Chutes and Ladders, ikawaondoa nyoka na kuweka vitelezeo vya watoto, kwa hiyo usishangae bibi akiuliza nyoka wamekwenda wapi. Akili haihitajiki, ni bahati tu, na ndiyo maana wa miaka sita anaweza kukaa meza moja na wa miaka kumi na moja. Sisi tunautumia kwa ajili ya namba. Watoto wetu wanajua moja mpaka kumi kwa sababu ya nyimbo, halafu ukimya. Ubao una visanduku 100. Kila unapotua, unaitaja namba ya kisanduku: sitini na saba, themanini na nne. Michezo mitatu inatosha.

Jenga nao tunauchukua, japo kwa shingo upande. Wanaklabu wapya hushangaa wakisikia kwamba jina lake ni neno letu. Aliyeuleta sokoni ni Leslie Scott, mzaliwa wa Tanganyika aliyekua Afrika Mashariki akizungumza Kiswahili, na ulizinduliwa London Januari 1983. Ni vipande 54 vya mbao, ghorofa 18 za vipande vitatu vitatu. Kwa jina unajenga, kwa furaha ya watoto unabomoa. Tatizo ni kwamba kila mtu huzuia pumzi na kunyamaza. Ukinunua boksi lililokwishatumika, andika kitenzi kwa kalamu kwenye kila kipande: ruka, cheka, imba, piga makofi, jificha. Anayechomoa kipande anatoa amri, wengine wote wanatii. Ukikuta *nyamaza*, usikiandike. Watoto wanakipenda kupita kiasi.

Sasa tufike kwenye bao, ambalo wengi wenu mlikuwa mnalisubiri. Madukani hapa kuna mchezo unaouzwa kwa jina la Mancala: safu mbili za mashimo sita sita, ghala moja kila upande, na mawe 48 ya rangi. Si mbaya, na mtoto wa miaka sita anauelewa kwa dakika tano. Jina lenyewe limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuhamisha, na wanaosoma etimolojia watafurahi kujua kwamba *nakala* na *nakili* zimetoka kwenye mzizi huohuo. Lakini bao letu ni kitu kingine. Lina safu nne za mashimo manane, jumla 32, na kete 64. Waganda wanao omweso na Wanyarwanda wanao igisoro, yote ya safu nne, kwa hiyo wanaklabu wenye wazazi wa huko wasijione wageni.

Bao la Kiswahili kamili, lenye nyumba na kunamua, lina kanuni nyingi mno kwa mtoto. Wazee walishalifikiria hilo, ndiyo maana kuna bao la kujifunza. Kila shimo linawekwa kete mbili, na mchezo unaanza moja kwa moja. Unachota kete za shimo moja, unazigawa moja moja kuzunguka safu zako mbili. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu inahama. Ikiangukia shimo lako la mbele lenye kete, na shimo la mwenzako lililotazamana nalo lina kete pia, unazila. Utamu uko hapa: kete zilizoliwa hazitoki mchezoni kwenda kukaa ghalani kama katika ule wa dukani. Zinaingia upande wako na kugawiwa kuanzia kichwani, na huenda zikala tena. Anayeishiwa kete katika safu ya mbele ameshindwa.

Tulijifunza thamani yake Julai 2024. Kimbunga Beryl kilipopiga eneo la Houston tarehe 8, zaidi ya wateja milioni 2 walikosa umeme. Katika nyumba ya mwenzetu mmoja, Alief, giza lilikaa siku kadhaa na tableti zote zikafa siku ya pili. Babu yake, aliyekuwa amekuja kutoka Zanzibar, akaomba maboksi matatu matupu ya mayai, yale ya mayai 12, na mfuko wa maharage ya pinto. Fanya hesabu nasi. Kila boksi ni safu mbili za mashimo sita. Maboksi mawili yaliwekwa sambamba, la tatu likakatwa vipande vya mashimo manne manne, kipande kimoja kikaungwa kwenye mwisho wa kila boksi. Ndiyo safu nne za mashimo manane, na mashimo manne yakabaki ya kuwekea pipi. "Njoo, mchumba, tule kete," alimwambia mjukuu wake wa miaka tisa, kwa utani wa mababu. Mtoto hakujua neno hata moja la bao. Kufikia jioni ya tatu alikuwa anapiga kelele "Umelala, babu! Umelala!" na babu anakana kwamba hajalala, ameteleza mkono. Umeme uliporudi, waliendelea. Mabarazani kule pwani bao limezoeleka kuwa la wanaume, na mama wa yule binti alilitaja hilo. Babu akamjibu kwamba hapa Texas hakuna baraza.

Tumalizie na Scrabble, kwa ajili ya wale wa miaka tisa na kuendelea, na kwa ajili ya walimu wetu, ambao tunajua wataupenda. Seti ya Kiingereza ina vigae 100 na imetutendea vibaya: E ni 12, A ni 9, na K ni moja tu. Huwezi kuandika *kaka*, *kuku* wala *kiatu kikubwa* bila kutumia kigae kitupu, na vigae hivyo ni viwili tu. W, ambayo sisi tunaitumia kila pumzi, ziko mbili. Tengeneza herufi zako kwa kadibodi: ongeza A, K, U, W na M, punguza E, na C usiiache peke yake, ifanye kigae cha CH. Sisi tumeongeza SH, NY na NG'.

Ukishafanya hivyo utaona jambo ambalo Kiingereza hakiwezi. Mtoto anaweka *pika*. Anayefuata anatanguliza N na A: *napika*. Mwingine anaongeza A: *anapika*. Mwingine W: *wanapika*. Bibi, bila haraka, anaweka J na E mwishoni: *wanapikaje*, na anakusanya alama za herufi zote kumi. Ugomvi utakuwapo kuhusu nini ni neno. Kanuni yetu ni kwamba neno linakubaliwa kama mtu mzima wa mezani anaweza kulitumia katika sentensi hapohapo, na si lazima sentensi iwe ya kweli.

Kuhusu kununua, usiende kwenye maduka ya vitu vipya kwanza. Half Price Books, iliyoanzia Dallas mwaka 1972, huwa na rafu ya michezo iliyotumika, na mitumba ya Goodwill pia ina maboksi mengi. Fungua boksi palepale dukani na uhesabu kabla ya kulipa: 54 za Jenga, 48 za Mancala, na katika Guess Who? bonyeza kila fremu uone kama inasimama. Dadu likipotea si neno, linapatikana kwa senti. Na boksi la Scrabble likikosa Q au X, usilirudishe rafuni. Omba tu wakupunguzie bei.