Gurudumu lisitufutie mkono wetu

Kuketisha udongo katikati ya gurudumu tumekwisha kujua. Sasa ni kuupandisha: tunabana toka chini, pole pole, na kadiri chungu kinavyopanda tunapunguza mwendo, kisiyumbe na kuanguka.

Lakini vyungu vyetu vimeanza kufanana. Sokoni mnunuzi hajui kipi ni cha nani. Mama Ladi Kwali wa Nigeria aliingia chuo cha ufinyanzi cha Abuja mwaka 1954, akajifunza gurudumu, wala hakuacha kuchora mijusi na nyoka kama wanawake wa kwao. Leo picha yake iko kwenye noti ya naira 20.

Juma hili kila mama alete alama ya vyungu vya kwao. Tutaichora udongo ukiwa umeshikamana, kabla haujakauka.