Langalanga: Kwa nini dereva huambiwa ampishe mwenzake?

Wasikilizaji wetu wa kipindi cha michezo hutuuliza: inakuwaje dereva anayeongoza mbio apunguze mwendo na kumwachia mwenzake ushindi? Tueleze.

Katika langalanga, yaani Formula 1, kila timu huwa na magari mawili na madereva wawili. Pointi huandikwa kwenye jedwali mbili: la madereva na la timu. Mshindi hupata pointi 25, wa pili 18. Timu ikishika nafasi zote mbili hupata 43, yeyote kati yao akitangulia. Kwa dereva, tofauti ni pointi 7, na pengine ubingwa wa dunia. Ndiyo maana timu humpendelea yule mwenye nafasi ya ubingwa.

Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Austria, Mei 2002. Rubens Barrichello wa Ferrari aliongoza sehemu kubwa ya mbio. Akaamriwa ampishe Michael Schumacher, naye akatii mita chache tu kabla ya mstari wa mwisho. Watazamaji wakazomea. Kwa aibu, Schumacher akampandisha mwenzake kwenye ngazi ya mshindi. Ferrari ikatozwa faini ya dola milioni 1, nusu yake ikiahirishwa. Lakini kosa lilikuwa kuvuruga utaratibu wa jukwaani, kwani amri yenyewe haikukatazwa wakati huo. Schumacher akatwaa ubingwa mwezi Julai, mbio 6 zikiwa zimebaki. Mwisho wa msimu alimzidi Barrichello kwa pointi 67. Msaada ule hakuuhitaji.

Tangu 2003 amri hizo zikapigwa marufuku. Je, ziliisha? Hapana, zilijificha kwenye maneno. Ujerumani, Julai 2010, Felipe Massa wa Ferrari alikuwa mbele. Mhandisi wake akamwambia redioni kwamba Fernando Alonso ana kasi kuliko yeye. Hakuamriwa kupisha, ila alielewa, akapisha. Siku hiyo ilitimia mwaka mmoja kamili tangu ajali iliyomuumiza kichwa huko Hungary. Ferrari ikalipa dola 100,000, matokeo yakabaki. Alonso naye akaukosa ubingwa kwa pointi 4. Kuanzia 2011 marufuku ikaondolewa, maana haikuwezekana kuisimamia.

Si kila amri ni dhuluma. Hungary, 2024, McLaren ilimwita Lando Norris kubadili matairi kabla ya Oscar Piastri aliyekuwa akiongoza, hivyo Norris akatangulia. Timu ikamwomba arudishe nafasi. Alisita mizunguko mingi, kisha akarudisha, na Piastri akapata ushindi wake wa kwanza.

Kwa hiyo ukisikia dereva amempisha mwenzake, jiulize: anarudisha alichopewa na timu, au ananyang'anywa alichokitolea jasho? Kwenye jedwali la timu huwezi kuona tofauti. Anayeijua ni yule aliyepisha.