Inside Out: Kwa nini Huzuni naye ana kazi kichwani mwako

Kama uliitazama Inside Out ukasema "aah, katuni ya watoto hii", hebu kaa kidogo tuongee. Filamu hii ya Pixar ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Pete Docter, imebeba saikolojia nyingi kuliko unavyodhani. Kabla ya kuitengeneza, timu yake iliwafuata wanasaikolojia wawili wanaochunguza hisia, Paul Ekman na Dacher Keltner.

Kwa ambaye hajaiona: Riley ana miaka 11. Familia yake inahama kutoka Minnesota kwenda San Francisco, anaacha marafiki, nyumba na timu yake ya hoki. Kichwani mwake kuna chumba cha kuongozea mambo chenye wahusika watano: Furaha, Huzuni, Hasira, Hofu na Kinyaa. Furaha ndiye bosi, na kwake Huzuni ni wa kuharibu tu. Mpaka anamchorea duara sakafuni na kumwambia asitoke humo!

Je, chumba hicho kipo kweli?

Hapana. Ubongo hauna chumba kimoja cha hisia, wala hisia moja haina kiti chake peke yake. Unapoogopa, amigdala (kisehemu kidogo chenye umbo la lozi, kimoja kila upande wa ubongo) inafanya kazi pamoja na sehemu nyingine nyingi, zikiwemo zinazoongoza mapigo ya moyo na pumzi. Hata idadi ya hisia za msingi wataalamu hawajakubaliana. Ekman alitaja sita, mshangao ukiwemo. Mwenzake Lisa Feldman Barrett anapinga kabisa wazo kwamba tunazaliwa na hisia zilizokwisha kutengenezwa.

Kumbukumbu kubadilika rangi

Hapa filamu imegusa jambo zito. Kumbukumbu za Riley ni mipira inayong'aa, na Huzuni akiugusa mpira wa dhahabu, unageuka bluu. Kweli, kumbukumbu si video iliyohifadhiwa ukaifungua ikiwa vilevile.

Mwaka 2000, Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux walichapisha jaribio la panya waliofundishwa kuogopa mlio fulani. Panya walipokumbushwa mlio ule, kisha wakadungwa kwenye amigdala dawa inayozuia utengenezaji wa protini, baadaye woga wao ulipungua sana. Waliopewa dawa bila kukumbushwa waliendelea kuogopa kama kawaida. Maana yake nini? Kumbukumbu ikiitwa inalegea, na ubongo unalazimika kuihifadhi upya. Ndiyo maana tukio lilelile la zamani unaweza kulikumbuka leo kwa hisia tofauti na za jana. Filamu imekosea kidogo tu: mipira ile inakaa kabatini mizima mizima, wakati ubongo huijenga kumbukumbu kila inapoitwa.

Sasa Huzuni anafanya nini?

Kumbuka Bing Bong, rafiki wa kufikirika wa Riley, anapopoteza kigari chake. Furaha anamtekenya na kumchekesha, wapi! Huzuni anakaa naye, anamsikiliza, anakubali kwamba inauma. Bing Bong analia, kisha anainuka na safari inaendelea.

Hii si hadithi tupu. Mwaka 1997, James Gross na Robert Levenson waliwaonyesha watu filamu ya kusikitisha na kuwataka baadhi yao wasionyeshe chochote usoni. Nyuso zilitulia, lakini huzuni yenyewe haikupungua, na moyo na mishipa yao ya damu vilionyesha mwili ukiwa kwenye msukosuko zaidi. Kuficha huzuni siyo kuiondoa, jamani. Tena, chozi ni ujumbe kwa wengine. Riley alipokosa bao la ushindi, wazazi na wenzake walimfuata kumfariji kwa sababu walimwona ana huzuni. Kumbukumbu aliyodhani Furaha kuwa ni yake peke yake ilianza na bluu.

Katika sehemu ya pili ya mwaka 2024, Riley ana miaka 13 na anaingia Wasiwasi, anayetaka kuendesha kila kitu. Somo ni lilelile: hisia si adui, shida inakuja moja ikinyakua usukani wote.

Kwa hiyo?

Mtoto anapolia, mara nyingi tunamkatiza: "Nyamaza!" au "Mwanaume halii!" Hapo tumemchorea Huzuni duara. Jaribu kumsaidia kulipa jambo jina. Mwaka 2007, Matthew Lieberman na wenzake walionyesha kwamba mtu anapotaja kwa neno hisia anayoiona kwenye uso wa picha, amigdala yake hupunguza msisimko. Na Kiswahili hakikutunyima maneno: huzuni, upweke, uchungu, kinyongo, wivu, wasiwasi. Mtoto anayeweza kusema "nina upweke tangu tuhame" amekuonyesha pa kumsaidia. Anayenyamazishwa anabaki na "sina kitu, niko sawa", na wewe unaamini.