Orodha ya Maneno Haijazi Pengo

"Mwalimu, si utupatie tu maneno yenye hutoka kwa mtihani?" Wazazi wa Umoja, Kayole, Donholm na Dandora, hapa Eastlands, Nairobi, huniuliza swali hili kila mitihani inapokaribia, na nimechoka kulijibu kwa upole. Maneno hayo hayapo. Hakuna orodha ambayo mtoto akiikariri atajaza mapengo ya mtihani, na anayekuuzia kijitabu cha "misamiati ya mtihani" kwenye kibanda cha fotokopi amekuuzia karatasi tu.

Tazama sentensi hii: "Mshtakiwa hakuridhika na hukumu, akaamua ____ rufaa." Majibu ni A. kutoa, B. kupiga, C. kuvunja, D. kukata. Mtoto wa orodha anajua kwamba rufaa ni ombi la kesi kusikilizwa upya na mahakama ya juu. Anajua pia kuwa ombi hutolewa. Basi anachagua A, na anakosa, kwa sababu rufaa hukatwa. Maana ya neno alikuwa nayo kichwani. Alichokosa ni mazoea ya kuliona neno hilo likitumika, na mazoea hayo hupatikana katika habari za kesi, gazetini na redioni. Kijitabu hakiyauzi.

Mfano wa pili: "Daraja hilo liliporomoka kwa sababu nguzo ____ zilikuwa dhaifu." Majibu ni A. lake, B. yake, C. zake, D. wake. Hapa hakuna neno gumu hata moja. Mwenye haraka huona "daraja hilo" akachagua "lake". Mwingine, aliyezoea kusikia "kitabu yangu" na "viatu yangu" kutoka Jericho hadi Kariobangi, huchagua "yake" bila kusita. Jibu ni "zake", na ushahidi wake umekaa baada ya pengo, katika "zilikuwa". Hapo ndipo wazazi huanza kulaumu Sheng. Kumkataza mtoto Sheng hakumfundishi ngeli. Kusoma Kiswahili sanifu kila siku ndiko kunakomfundisha.

Mfano wa tatu: "Mvua kubwa ilinyesha tangu alfajiri. ____, wanafunzi wote walifika shuleni kabla ya kengele." Majibu ni A. Kwa hivyo, B. Maadamu, C. Hata hivyo, D. Mithili ya. Mtoto anaweza kukueleza maana ya yote manne na bado akakosa, iwapo hakutambua kwamba sentensi ya pili inakwenda kinyume na tulivyotarajia katika ya kwanza. Jibu ni "Hata hivyo". Orodha ingemsaidia nini hapo?

Haya si makosa ya bahati mbaya. Zoezi lenyewe liliundwa hivyo. Mwaka 1953 mtafiti Mmarekani, Wilson Taylor, alichapisha njia ya kufuta maneno katika kifungu ili kupima kifungu hicho kinasomeka kwa urahisi kiasi gani. Msomaji anayefuata mawazo ya mwandishi hurudisha maneno yaliyofutwa, asiyefuata hukwama. Tangu mwanzo, pengo lilipima usomaji wa maneno yanayolizunguka. Anayemkaririsha mtoto maneno yaliyokatwa kutoka kwenye sentensi zake anamfundisha kufanya kinyume cha kinachopimwa.

Kuna pia wale wanaowafunza watoto kwamba ukikwama, weka C. Katika KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, karatasi ya Kiswahili ilikuwa na maswali 50, na 15 ya kwanza yalikuwa mapengo yenye majibu manne manne. Anayebahatisha yote 15 atarajie kupata chini ya 4, na herufi C haina bahati kuliko A. KCPE imeondoka, mapengo yamebaki. Katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yako 10, na mtahiniwa hapewi majibu ya kuchagua. Hiyo C ataiweka wapi?

Sasa yanayofaa. Soma kifungu chote kabla ya kujibu lolote, ujue kinahusu nini na kinaelekea wapi. Ukifika kwenye pengo, fikiria neno lako mwenyewe kwanza, ndipo uangalie uliyopewa. Kagua viambishi vya maneno yaliyo kabla na baada ya pengo. Kama panahitaji kiunganishi, soma sentensi mbili, si moja. Ondoa majibu yasiyowezekana kabisa, halafu upime yaliyobaki. Pengo gumu lipite, ulirudie baada ya mengine, kwa maana kila pengo lililojazwa humulika lililo jirani. Ukishamaliza, soma kifungu kizima tena kimoyomoyo. Mahali ulimi unapokwama, kagua upya. Ukishindwa kabisa, bahatisha kati ya majibu yaliyobaki, usiache pengo wazi.

Nyumbani, chukua aya moja ya Taifa Leo, funika neno moja katika kila maneno saba, mtoto ajaze. Kisha mwulize kwa nini amechagua neno hilo, hata akiwa amepata. Asiyeweza kueleza amebahatisha. Fanyeni hivyo jioni kadhaa kila wiki, kuanzia muhula wa kwanza, si wiki ya mwisho. Asiye na vitabu nyumbani ajue kuwa maktaba za Kaloleni na Makadara, matawi ya Maktaba ya McMillan, ziko humu humu Eastlands.

Mzazi, pesa ya kijitabu inunue gazeti, na siku ya Jumamosi mpeleke mtoto maktaba. Mtihani wa mapengo hupima msomaji. Mpe mtoto wako cha kusoma.