Programu wakala zafaa biashara zikiwekewa mipaka

KWA miaka mingi, kampuni zilizotumia tarakilishi kuendesha shughuli zao ziliipa mashine orodha ya hatua za kufuata: agizo la mteja lipokelewe, likaguliwe, likadiriwe bei, kisha liidhinishwe.

Utaratibu huo hufaa mambo yanapokwenda yalivyopangwa. Lakini idara moja ikilemewa na kazi, au mteja akibadilisha nia, shughuli nzima hukwama.

Katika miaka ya 1990, watafiti nchini Uingereza, akiwemo Nick Jennings, walitafuta suluhisho kupitia mradi ulioitwa ADEPT. Walichagua shughuli moja ya kampuni ya simu ya British Telecom: kumwandalia mteja makadirio ya bei ya huduma za mtandao.

Badala ya programu moja kuamrisha kazi yote, kila idara ilipewa wakala wake, yaani programu inayojua uwezo wa idara hiyo na kuamua kwa niaba yake. Wakala wa huduma kwa wateja alipohitaji mchoro wa mtandao, hakuamuru. Alijadiliana na wakala wa idara ya usanifu kuhusu bei, wakati wa kuanza na ubora wa kazi. Aliyeshindwa kuafikiana na mmoja angeweza kumwendea mwingine mwenye uwezo huo huo.

Kwa njia hiyo, idara moja inapobadilika, si lazima mfumo mzima uandikwe upya.

Hata hivyo, programu inayoamua upesi hukosea upesi pia. Mnamo Agosti 1, 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 kwa muda wa dakika 45 hivi, baada ya programu yake ya kuuza na kununua hisa kutuma mamilioni ya maagizo yasiyokusudiwa. Programu hiyo haikuwa ya mawakala wanaojadiliana, ila funzo lake linawahusu pia.

Kwa hivyo, kampuni inayotaka kutumia mawakala haina budi kuweka kiwango cha fedha wasichoweza kukivuka, kuhifadhi kumbukumbu za kila uamuzi, na kumteua mfanyakazi mwenye mamlaka ya kuwasimamisha mara moja. Wakala anaweza kukabidhiwa kazi, lakini hasara ikitokea, atakayewajibika kwa mteja ni kampuni yenyewe.