Mkanda wa mashine ya kukereza chuma: Namna ya kuutoa na kuufunga bila kupoteza vidole

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

MASHINE ya kusaga nafaka inaposimama katika kijiji cha milimani kama Kinole, wilayani Morogoro, anayepata hasara si mwenye mashine peke yake. Akina mama hurudi na mahindi yao kichwani, nayo shafti iliyolika hufungwa kwenye gunia na kuteremshwa mjini kwa fundi wa kukereza chuma.

Wakulima wa Kinole, wanaojulikana kwa ndizi, mananasi na viungo vya miteremko ya Uluguru, huenda wasiijue mashine hiyo ya mjini. Hata hivyo, maisha yao huitegemea. Katika karakana nyingi mashine hizo ni za zamani, na ugonjwa wake wa kawaida ni mkanda unaoteleza.

Dalili zake hazijifichi. Fundi akizidisha kina cha kisu, mota huendelea kuzunguka lakini chuma husimama. Husikika mlio mkali na harufu ya mpira unaoungua. Wapo wanaopaka mafuta au grisi ili kunyamazisha mlio huo. Hilo ni kosa, kwani mafuta huulainisha mpira na kuongeza utelezi.

Kazi ya kubadilisha mkanda huanzia kwenye umeme. Kuzima swichi ya mashine pekee hakutoshi. Zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa anayefanya kazi. Vidole vingi hupotea pale mtu wa pili anapowasha mashine bila kujua kuwa mwenzake ameingiza mkono.

Hatua inayofuata ni kuondoa kifuniko na kuchora jinsi mkanda ulivyopita, hasa kwenye puli zenye ngazi zinazobadili mwendo. Kisha legeza bolti za mota na kuisogeza karibu na mashine hadi mkanda utoke kwa mkono. Usiukwangue kwa bisibisi, kwa sababu hujeruhi kingo za puli na kukata nyuzi zilizomo ndani ya mkanda.

Namba iliyo mgongoni mwa mkanda ndiyo ya kwenda nayo dukani. Herufi A ni mkanda wenye upana wa milimita 13 juu, na B ni milimita 17. Kwa vipimo vya zamani, tarakimu inayofuata ni urefu wa ndani kwa inchi. Hivyo A 42 ni mkanda wa aina ya A wenye inchi 42. Mashine inayotumia mikanda miwili au mitatu kwa pamoja ibadilishiwe yote kwa wakati mmoja. Mkanda mpya ukichanganywa na uliovutika, ule mpya ndio utakaobeba mzigo wote.

Aidha, zichunguze puli zenyewe. Mkanda wa aina hii hushika kwa mbavu zake, si kwa tumbo. Ukikuta sakafu ya mfereji inang'aa, jua kwamba puli imelika na mkanda unagusa chini. Halafu vuta uzi ulionyooka kwenye nyuso za puli zote mbili. Ukiacha mwanya upande mmoja, puli hazijakaa mstari mmoja na mkanda mpya utalika upesi.

Rudisha mota, kaza, kisha bonyeza mkanda katikati ya puli mbili. Kwa umbali wa sentimita 50, ubonyee kiasi cha milimita 8. Ukilegea utateleza, na ukikazwa kupita kiasi utaumiza beringi. Baada ya saa chache za kazi, zima tena na kukagua, kwani mkanda mpya huvutika kidogo.

Mashine za zamani zaidi zina mtihani wake. Mkanda bapa wa ngozi hupita ndani ya kichwa cha mashine, ukizunguka shafti kuu. Kuutoa mzima hulazimu kung'oa shafti pamoja na beringi zake, kazi inayoweza kuharibu usahihi wa mashine. Njia nyepesi ni kuukata wa zamani, kupitisha mpya ukiwa wazi, na kuunga ncha zake papo hapo kwa gundi au pini. Upande laini wa ngozi ndio ugusane na puli.

Mwisho, kifuniko kirudishwe kabla ya umeme. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwakinga wafanyakazi dhidi ya hatari za mitambo. Mteja kutoka Kinole ana haraka ya kuwahi gari la kurudi mlimani, lakini haraka yake isiwe sababu ya kuacha mkanda ukizunguka wazi. Shafti hukerezwa upya, kidole hakikerezwi.